Sweta Mbili na Mizani ya Chai

Baba Hadija,

Shikamoo. Nimekuamkia usije ukasema sina adabu. Sasa nisikilize. Nina hasira na wewe, na watu wa hapa, na zaidi na mimi mwenyewe.

Unaikumbuka mizani ya banda la chai? Siku ya kupima, sisi vibarua tukishusha majani, wewe ndiye unapandisha magunia kwenye ndoano. Ukimaliza la mwisho unaning'inia mwenyewe, miguu juu. Karani Athumani anapaza sauti: "Mghosi, sitini na nane! Leo mkeo kakulisha nini?" Na wewe: "Makande. Na maneno." Watu hoi kwa kucheka. Nilikuwa nakasirika, lakini nilipenda.

Halafu ukashuka. Sitini na nne. Hamsini na tisa. Athumani akaacha kupaza sauti. Wanawake shambani wakaanza kunong'ona, Mghosi kakanyaga waya. Ukimwi hawautaji, wanasema waya. Na mimi wananiangalia mikono, kama nimeanza kukonda.

Nikaona dawa ni chakula. Maziwa, ndizi, parachichi, makande kila siku. Ukarudi, ukapitiliza. Sabini na moja! Athumani akapiga makofi. Jirani yetu Mama Salimu akasema, "Kumbe ilikuwa njaa tu." Nikafurahi kama mjinga. Sikujiuliza umenenepaje. Kumbe unakula kwangu, unasahau, unaenda kula tena kwa Mama Salimu. "Huyu mwanamke hanipi chakula," unamwambia, na sahani yako sijaiosha. Nilikununia siku tatu. Nilidhani unanidhalilisha.

Ukashuka tena. Safari hii unasahau kula kabisa. Unakaa na sahani mapajani mpaka ugali unakauka. Nikisema kula, unasema nimeshakula.

Niliogopa midomo ya watu. Ndiyo ukweli. Gulioni Mlola nikanunua sweta mbili za mtumba, nikakuvalisha moja juu ya nyingine, na koti juu. Baridi ya kwetu ikanisaidia, hakuna aliyeuliza. Mizani nikakukataza.

Siku ulipopotea njia ya kutoka bandani, njia yako ya miaka yote, ndipo nikakupeleka hospitali. Daktari kijana, mpole. Akakuuliza leo siku gani. Ukamwambia, "Siku ya kupima chai." Kwako kila siku ilikuwa ya chai. Wakakupima na nguo zako zote, sweta na koti zikaiongeza namba ikakaribia sabini. Namba moja haisemi ilikotoka. Daktari akanigeukia:

"Mama, uzito wake umekuwa ukipanda na kushuka?"

"Hapana, daktari. Yuko vile vile."

"Hajapungua kabisa?"

"Hata kidogo."

Niliogopa atataka kukupima damu, na kwenye benchi nje wamekaa watu wa kwetu. Na wewe ukacheka, ukamwambia, "Sitini na nane." Ile ya zamani! Ukanisaidia kudanganya bila kujua. Akaandika.

Masika yale ukatoka alfajiri kwenda kupima chai. Haikuwa siku ya chai. Tulikukuta jioni kando ya mto, umelowa, unatetemeka, sweta zote mbili zinachuruzika maji. Kifua hakikukuacha. Wiki haikuisha, tukakuzika.

Juzi juzi nesi alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Akasema mzee akikonda, akanenepa, akakonda tena bila sababu, msimtazame tumbo tu, mtazameni na kichwa, maana kusahau kunaweza kuwa njiani. Mkutano ulipokwisha nikamfuata. Nikamwuliza, ningesema kweli, angepona?

"Pengine asingepona, mama. Lakini mngejua kumchunga."

Kumchunga. Neno hilo limenikaa kifuani, halitoki. Ningeamka kabla yako. Ningefunga mlango na kufuli. Hilo tu.

Na wewe je? Ulikuwa na mdomo wa kuchekesha banda zima, ukashindwa kuniambia, "Mama Hadija, nasahau"? Maneno matatu. Au uliyasahau na hayo? Ona, hata kukugombeza siwezi mpaka mwisho.

Jumatatu nimeenda zahanati, magoti yananisumbua. Nimevaa ile sweta yako ya kijani. Nesi akaniambia vua, upande mizani. Nikavua. Akauliza kama uzito wangu unabadilika. Benchi limejaa, Mama Salimu yupo, mke wa Athumani yupo.

Nikasema, "Ulishuka, ukapanda, umeshuka tena! Andika!"

"Mama, mbona unapiga kelele? Si niko hapa hapa?"

Sikuwa namwambia yeye.

Basi, pumzika. Sweta moja ninayo mimi, ya pili anayo Hadija. Hatuzivai pamoja tena.

Mkeo,
Mama Hadija