Tembo wa Safu ya Chini

Mugutha, Ruiru
Jumapili

Kwako Tata, baba yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Kifua chako kinaendeleaje? Na Mama, magoti bado yanamsumbua akikaa chini kusugua mawe kwa msasa? Mimi mzima, ila uchovu umeniingia mpaka kwenye kucha, na kikohozi cha vumbi ninacho, kile kile chako.

Dada Kwamboka alinipigia simu akanipa ujumbe wako: umesikia ninawachongea Wahindi wa Thika miungu yao, na unataka nikurudishie tindo yako kwa sababu hukunipa kwa kazi hiyo. Nilikaa juu ya ndoo pale kazini, nikaigeuzageuza mkononi. Tindo hiyo ulinipa siku niliyoondoka Tabaka, ukaifunga kwenye shati lako. Afadhali ungesema nirudishe mkono.

Aliyekuletea habari ni binamu Mogaka, na Mogaka alichungulia langoni tu akaenda zake. Acha nikueleze mwenyewe.

Hekalu linajengwa huko Thika, upande wa pili wa Makongeni. Ukuta wake wa ndani una safu ya tembo chini kabisa, na jiwe walilolitaka ni letu, lile jeupe la Tabaka. Ndiyo maana walitafuta Mkisii. Fundi mkuu ni mzee Ramappa, aliyekuja Kenya akiwa kijana, na Kiswahili chake ni cha dukani. Siku ya kwanza alinikuta nimefunika mawe kwa gunia lililoloweshwa ili yasikauke, kama ulivyonifundisha. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hata baba yangu fanya hivi," akasema. "Hii jiwe yenu na yetu ni ndugu moja."

Kwao ni karibu na mji unaoitwa Halebidu, kusini mwa India. Ananisimulia tukipumzika, na ingawa mara nyingi ninasinzia, mengine yamenikaa. Zaidi ya miaka mia nane iliyopita mji huo ulikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Hoysala. Kulikuwa na ziwa kubwa lililotengenezwa na watu, na kando yake wakajenga hekalu la jiwe ambalo likitoka ardhini ni laini, likikaa hewani linakuwa gumu. Chini kabisa walichonga safu ya tembo kuuzunguka ukuta, kwa sababu, anasema Ramappa, tembo ndiye anayeweza kubeba mzigo wa juu. Mfalme mmoja aliiacha dini aliyozaliwa nayo akafuata nyingine. Mkewe akabaki na ile ya zamani, na wanasema hakumfukuza. Nyumba za ibada za dini zote mbili bado ziko pale, unatoka moja unaingia nyingine kwa miguu.

Baadaye majeshi ya sultani yakaja kutoka Delhi, yakabeba mali, na baada ya miaka kadhaa yakarudi tena. Wafalme wakahama, watu wakatawanyika, na lililokuwa jiji likabaki kijiji. Hata jina Halebidu, Ramappa anasema, maana yake ni makao ya zamani. Nikamuuliza, sasa kilichobaki ni nini? Akasema ni ukuta na majina. Wachongaji wa huko walikuwa wakiandika majina yao chini ya kazi zao, na mengine yanasomeka hadi leo.

Hapo nikakufikiria wewe. Maisha yako yote umechonga viboko, vifaru na bakuli, vyote vikaenda ng'ambo, na hakuna hata kimoja chenye jina lako. Mnunuzi hubandika karatasi iliyoandikwa Kenya, basi. Inaniuma, Tata. Zamani sikuliona hilo, sasa naliona kila nikishika jiwe.

Juzi nilimaliza tembo wa mwisho. Njoroge, msimamizi wetu, akaniambia, "Msee, si uweke jina yako hapo chini? Mzee Ramappa amekubali, ni form, ni desturi ya huko kwao." Nikamwambia jina langu halina haraka.

Sijachonga mungu wa mtu. Miungu yao anaichonga Ramappa peke yake, mimi siruhusiwi hata kuigusa. Nimechonga tembo, na tembo aliumbwa na yule yule tunayemwomba siku ya Sabato. Kama bado unaona nimekosa, niambie kwa sauti yako mwenyewe, hata kama ni kwa ukali. Nimechoka kugombezwa kupitia kwa watu, na nimekukumbuka sana.

Mwambie Mama apumzishe hayo magoti. Msalimie Kwamboka, mjumbe wetu asiyechoka, na mzee wa kanisa pale jirani. Mogaka naye umpe salamu, na umwambie akipita tena aingie ndani.

Tindo nakurudishia kama ulivyotaka. Jirani yangu hapa anasafiri kesho kuja Kisii, nimempa ikiwa imefungwa kwenye shati lile lile. Utaikuta butu, makusudi sikuinoa, uione ilivyotoka kazini. Kitu cha mwisho ilichochonga, chini ya tembo wa mwisho, ni jina lako: NYAMWEYA, FUNDI, TABAKA.

Mimi mwanao,
Omwenga