Uji wa Upande wa Pili

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Nakuru tu wazima; babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kama umsaidie mgonjwa ambaye utafiti wako haukumpangia msaada.

Miaka ya themanini, nikiwa nesi Kisumu, tulichunguza kama watoto hupona upesi mama zao wakikaa wodini kuwalisha. Upande wa pili wa wodi, wa kulinganishia, mama waliingia saa za wageni tu. Mama mmoja wa Usenge, aliyekaa na mwanawe, akawa analisha uji watoto wa pande zote.

Daktari aliyeongoza utafiti akafoka, “Mama, unaniharibia utafiti!”

“Daktari, huyu analia njaa. Nimpite tu?”

Niliamriwa nimtoe. Nilikataa, nikamletea uji zaidi. Wiki hiyo daktari alilegea, mama wote wakaruhusiwa kukaa, nasi tukaeleza wazi katika ripoti kwa nini ulinganisho ulivunjika.

Msaidie, Akinyi. Kisha uandike kwamba ulimsaidia.

Nyanya yako