Mume Wangu Katiwa Mshipa Mpya, Sasa Hashikiki

Mpendwa Bi Ruwaida, nisaidie lakini usinicheke, maana mwenyewe nacheka na kuogopa kwa pamoja. Mume wangu, hapa nimwite Mselem, alipasuliwa moyo Mombasa mwezi wa Mfungo Mosi uliopita, madaktari wakamtoa mshipa mguuni wakaupachika moyoni ili damu ipite kando ya pale palipoziba, na tangu arudi Pate si yule niliyemjua, yule alikuwa akipanda ngazi anahema, huyu ananiletea maua ya asumini kila jioni na kuniimbia jikoni, nami mtu mzima najipaka wanja kama mwari, wallahi naona haya kuandika.

Shida ni kwamba anakula kama yuko harusini. Siku aliposhuka bandarini Mtangawanda majirani walianza kutuletea sahani, halwa, mkate wa sinia, mahamri, na wewe wajua kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, basi nami napika vyangu narudisha, jirani yangu Bi Kadija anajaza tena analeta, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha, na kila sahani inayotoka na inayoingia Mselem anaionja. Nikimkumbusha sukari yake ananiambia, "Mshipa huno ni wa guu, wayua nini mambo ya halwa? Hini ni ndia mpya, mke wangu," yaani damu imepata njia mpya. Sigara za dukani ameacha kama daktari alivyomwamuru, ila anavuta tumbaku ya shambani mwetu, anasema ameipanda mwenyewe haiwezi kumdhuru. Vidonge amevisahau juu ya kabati. Nami sina nguvu ya kumkataza, akicheka tu nayeyuka, nachelea nikianza ukali yule mzee wa kuhema atarudi. Na la mwisho nalisema kwa haya, je, moyo wake utastahimili mambo ya chumbani?

Ni mimi, Mke wa Mselem, Pate.

Bi Ruwaida anajibu:

Mke wa Mselem, nimecheka, nisamehe. Nimefurahi nawe pia, maana barua nyingi zinazonifikia ni za waume wasioleta hata kitunguu. Sasa weka wanja chini unisikilize.

Mshipa huo si mpya. Umri wake ni sawa na wa Mselem, na sukari yote aliyokula imepita humo. Kilicho kipya ni kazi: mguuni ulikuwa ukirudisha damu polepole, moyoni unasukumwa kwa nguvu usiku na mchana. Ndani yake mna utando laini unaousaidia kulegea na kutanuka damu inapohitajika. Sukari, presha, mafuta na moshi huuharibu utando huo, mshipa ukakakamaa, ukanenepa kwa ndani, mwishowe ukaziba kama ule wa kwanza. Na moshi ni moshi, awe ameununua au ameulima. Yule mzee wa kuhema unayemwogopa, bibi, hataletwa na ukali wako, ataletwa na hizo sahani, na wewe ndiye mpishi.

Kwa hiyo kesho nenda kwa Bi Kadija umweleze wazi. Desturi yenu inakataza sahani tupu, haikusema lazima iwe tamu. Rudisha samaki wa kuchoma, ndimu, mchicha. Huenda naye amechoka kukaanga mahamri. Vidonge vishushe kabatini, ameze mbele yako kila siku, na asiache hata kimoja bila idhini ya daktari. Tumbaku aing'oe apande kunde, na shambani aende kwa miguu, punda apumzike. Kisha aende kliniki wampime presha, sukari na mafuta.

La chumbani usilionee haya, wengi wanalitafuna kimoyomoyo. Akipanda ngazi hadi darini, ghorofa ya juu, mara mbili bila kuhema wala kubanwa kifua, kwa kawaida hakuna neno, ila daktari aulizwe kwanza. Akibanwa kifua popote, hata hapo, acheni mwende hospitali.

Na kumkataza si ukali. Mshike mkono umwambie, "Yule mgonjwa nimeishi naye miaka. Wewe nimekupata juzi tu, na bado sijakushiba."