Wiski Nyepesi ya Bwana Wangu

Dada Mwanaidi, shikamoo. Unguja ni kuzuri na halua yake tamu, lakini nakuandikia kwa hasira.

Jana alasiri, barazani Shangani, niliwamiminia wazungu wiski ya Uskochi aliyokuja nayo Bwana wangu. Mgeni mmoja akainua glasi kwenye mwanga, akaonja, akamwambia Bwana, "Nyepesi mno. Boi wako kainywa, kisha kajazia maji." Bwana, niliyemtumikia tangu sijaoa, akanitazama kama mwizi!

Nikasema, "Ndiyo rangi yake. Inuse, inanukia asali na nyasi kavu. Iliyotiwa maji hainukii hivi."

Wakacheka. "Asiyekunywa kajuaje?"

Nikaleta chupa nyingine, nikaizibua mbele yao. Wakaonja: rangi ile ile, ladha ile ile. Hakuna aliyeniomba radhi. Bwana akanisogezea glasi: "Haya, kunywa, yaishe." Mimi, mtoto wa mwalimu wa Kurani!

Nisalimie Baba, mwambie sikuigusa. Wabusu wanangu.

Makusudi nimeandika kadi, si barua ya bahasha. Stempu anatia Bwana mwenyewe, na Kiswahili anakisoma vizuri.

Nduguyo, Athumani