Kompyuta Isiyoonya Tena

Jumanne, Kinyinya

Imetulia, ila mimi sijatulia. Wiki nzima kompyuta ya dukani, ninayohariria video za harusi, ilikuwa ikijizima ikidai kumbukumbu yake imeharibika. Uongo mtupu! Ni programu iliyowekwa ndani yake na kiwanda iliyokuwa ikisingizia. Mpwa wangu Umutoni akauamuru mfumo wa kompyuta uyapuuze maonyo yake.

Wateja nimewaambia nimeitengeneza mwenyewe, mkono mmoja, mwingine umeshika chai.

"Lakini mjomba," Umutoni akaniambia, "ikiharibika kweli haitakuonya. Video ya ile harusi ya kule Rebero umeshainakili kwingine?"

"Zamani! Unanionaje wewe?"

Sijainakili. Baba wa bibi harusi tumemzika Jumamosi, na mle kwenye kompyuta ndimo anamocheza na binti yake. Hakuna kwingine.

Na kama sasa hivi...

Hapana. Navaa koti, natafuta pikipiki, naenda dukani.