Papa na Ng'ombe wa Chaki

Mpendwa Papa,

Leo ni Alhamisi na nimefunga duka la kushona mapema. Wateja wa yunifomu wamenuna, lakini watanizoea.

Unakumbuka ulivyokuja kukaa kwangu Kitengela? Kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wako wote kule Kajiado, nawe ukanyamaza. Miezi mitano ulikaa kwenye kiti cha plastiki ukiangalia geti. Chai inapoa, ugali unarudi jikoni. Nikikuuliza kama unaumwa, unatikisa kichwa. Nesi wa kliniki alikupima kila kitu, akaniita pembeni: "Mwili uko sawa. Ni huzuni imemlemea." Ndiye aliyenielekeza kwa kikundi kinachokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, ambako watu huchora, huimba na kufinyanga udongo hadi yaliyowakwama rohoni yapate njia ya kutoka.

Sasa nikiri: nilikudanganya kwamba tunaenda kupima presha. Ulipoona kalamu za rangi mezani, ulinitupia jicho ambalo zamani lingenikimbiza hadi kwa jirani.

Madam Wanjiku, mshauri wa kikundi, hakukulazimisha. Alichukua chaki, akachora ng'ombe ubaoni. Ulimkazia macho yule ng'ombe, ndipo ukafungua mdomo.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ng'ombe, mzee."

"Hapana. Hiyo ni mbuzi iko na mimba."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nililia, kwa maana tangu uje kwangu hukuwa umesema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Ukainuka, ukamnyang'anya chaki, ukamchora Nado, yule ng'ombe wako mwekundu, na pembe yake iliyopinda. Ulipofika kwenye macho, machozi yalikutoka mbele za watu, wewe uliyetulea ukisema mwanamume halii. Madam hakukuambia unyamaze. Aliuliza tu, "Alikuwa na tabia gani?" Ukaeleza. Ukaeleza mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi.

Tangu hapo wewe ndiwe uliyekuwa ukinihimiza twende. Ulichora kundi lako lote, mmoja mmoja, kila ng'ombe na jina lake, ukawapakia nyasi za kijani kwa kidole. Mzee Abdi, mwanakikundi aliyepoteza duka lake kwa moto, akawa anachora ngamia makusudi na kukuwekea mbele ya macho.

"Ngamia haingekufa na hiyo jua," alikuchokoza.

"Afadhali kufa kuliko kutembea na hiyo sura," ukamjibu.

Mlicheka mpaka mkakohoa. Nyumbani ukaanza kula, kisha ukaanza kulalamika kwamba nabana maziwa kwenye chai, na sijawahi kufurahia lawama namna ile.

Si kila wiki ilikuwa nzuri. Kuna siku ulipaka karatasi nzima rangi nyeusi, na usiku ugali ukarudi tena jikoni. Nilihofu kwamba tumerudi tulikotoka. Wiki iliyofuata ulivaa viatu kabla yangu.

Sasa ni mimi ninayeenda. Baada ya mazishi yako nilienda kurudisha rangi zako tu, Madam akanisukumia karatasi. Sijui kuchora, Papa. Nakuchora na masikio makubwa, na Mzee Abdi anasema nimekuonea. Nalia kidogo, nacheka zaidi, kisha narudi kwenye cherehani yangu nikiwa mwepesi.

Kuna jamaa zetu wanaosema ni kiangazi kilichokuua. Nawaambia hapana, ni moyo, ambao daktari alikuja kuugundua baadaye, akatuonya. Huzuni ulikuwa umeshaivuka. Siku ile ya kukuosha, wazee walikuta rangi ya kijani chini ya kucha zako. Wakaniita mlangoni, wakaniuliza kama ni dawa uliyokuwa ukitumia.

Nikawaambia ndiyo.

Pumzika, Papa. Nimekuinamishia kichwa kama tulivyokusalimu tangu utotoni, weka mkono.

Ni mimi, kitindamimba wako.