Niliyelala Kitandani mwa Mwenyeheri

Jumanne, 12 Mei 1998

Herufi zinakwenda upande kama walevi. Niandike hivyo hivyo, kabla sijaanza kujidanganya.

Leo nimemfanya bubu aseme. Mimi, Goulven Abgrall, miaka sabini na nane, mkata nyasi wa masista, niliyeacha shule darasa la nne nikachunge ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Mvua tangu alfajiri. Masista hufunga nyumba ya Mwenyeheri Azenor saa saba mpaka saa nane na nusu, wakale. Saa hiyo mimi hupanda kitandani mwake. Ni kitanda cha kabati, kama vya bibi zetu wote: mbao pande zote, milango miwili ya kusukuma, ukijifungia ni giza na joto kama tumboni mwa ng'ombe. Azenor alilala humo na dada zake watatu mpaka alipotimiza miaka kumi na saba, kisha akaenda kuuguza wenye kipindupindu na kuanzisha shirika lake. Mimi nalala humo peke yangu, mwaka wa sita sasa. Tangu mke wangu Soaz afe, kwangu usingizi wa mchana hauji. Nyumba kimya mno.

Masista hawajui.

Mahujaji nao wana desturi yao. Wanaandika shida zao kwenye vikaratasi, wanavipenyeza kwenye matundu ya nakshi mlangoni, vinaangukia ndani. Haruhusiwi mtu kuvisoma. Mkesha wa Mtakatifu Yohane vinachomwa vyote, vimekunjwa vivyo hivyo. Mimi huviokota juu ya tumbo langu na kuvisoma. Mungu ana wasaidizi wengi, mmoja zaidi hamzidishii kazi. Mwaka juzi mama mmoja aliomba paka wake arudi. Paka nilimjua, alikuwa ananenepa kwa mwokaji mikate. Nikamrudisha. Sifa kachukua Azenor.

Leo gari la mahujaji likafika mapema. Sista Voahangy — yule mgeni kutoka Madagaska, hana hata miezi miwili hapa — akawaona wamesimama mvuani. Kwao mgeni haachwi nje. Akafungua kila mlango, akawakaribisha jikoni kwa masista, maziwa mgando na chapati za ngano nyeusi. Mmoja wao hakula. Akavuka ua peke yake mpaka chumbani kwa Azenor.

Nikaamka. Nikasukuma mlango. Mbele ya pua yangu uso wa mwanamke, kidaftari cha kijani kinaning'inia shingoni mwake. Na mimi nywele wima, miguu na soksi, meno ya bandia kiganjani.

Akapiga yowe. "Yesu wangu, kuna mtu!"

Wenzake wakaja mbio. Nikadhani wanakuja kunipiga. Wakapiga magoti! Wanalia, wanamshika mashavu. "Rozenn kasema! Rozenn kasema!" Miaka mitatu hajatoa hata mguno, tangu ghala lao liungue usiku na baba yake ndani. Wanasema aliita na kuita mpaka sauti ikakatika. Alikuwa anaandika kila kitu kwenye kile kidaftari.

Nikanyakua koti langu la kazi, nililokuwa nimelifanya mto, nikatokea mlango wa nyuma. Viatu vimebaki chini ya kitanda cha Mwenyeheri.

Jumatano, 13 Mei

Viatu vimerudi. Kavileta Enora mwenyewe.

Enora ni Mama Mkuu wa masista. Pia ni dada mkubwa wa Soaz wangu, kwa hiyo kwangu ni shemeji kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Ana miaka themanini na sita na moyo unaokwenda kwa vidonge.

"Shemeji," kasema, "Mwenyeheri ameanza lini kuvaa namba arobaini na tatu?"

"Miguu huvimba uzeeni."

Hakucheka. Kaviweka mezani, juu ya mkate wangu. Nikamwambia ukweli: nalala humo tangu alipokufa mdogo wake.

"Najua," kasema. "Blanketi la baridi unadhani huwekwa na nani?"

Miaka sita nikidhani lile blanketi ni la maonyesho!

Kisha kaketi. Pumzi fupi. Kasema Roma wanataka muujiza mmoja tu ili Azenor atoke kwenye wenyeheri aingie kwenye watakatifu. Wameusubiri miaka arobaini. Yeye mwenyewe ameusubiri tangu siku alipovaa shela. "Umekuja sasa, na mimi bado niko hai. Na umekukuta wewe kitandani."

Mimi!

Ijumaa, 15 Mei

Kijiji kizima kinajua. Kwa mwokaji mikate nimepokewa kama askofu.

"Mtakatifu Goulven," kasema mwokaji, "mke wangu anasema kupita kiasi. Huwezi kuja kulala kwetu usiku mmoja, umfunge mdomo?"

Mkewe, kutoka nyuma ya tanuri: "Aje tu. Angalau yeye huoga kabla ya Pasaka."

Nilicheka mpaka nilipofika nyumbani. Kisha Sista Voahangy kaja, macho mekundu. Daktari wa mjini amempima Rozenn. Anaongea vizuri. Ila daktari kasema ni jambo la kawaida: hofu iliifunga sauti, hofu imeifungua. Mzee asiye na meno katoka kabatini, basi. Hakuna cha Azenor hapo.

"Kosa langu, Babu. Ningewaacha wasubiri saa nane na nusu."

"Kosa ni la aliyelala, mwanangu, si la aliyefungua."

Kafikiri kidogo. "Kwetu aliyelala hana kosa. Mwenye kosa ni aliyemwamsha."

Nimempa kitunguu, macho yake mekundu yapate kisingizio. Kaenda.

Alhamisi, 21 Mei. Kupaa kwa Bwana

Nilikuwa napunguza ua mbele ya nyumba ya Azenor. Nikaacha mkasi umesimama kwenye matawi. Nikaketi kwenye nyasi mbichi na suruali yangu ya sikukuu.

Aliyemwamsha. Neno la yule binti.

Mimi niliamshwa na nini?

Silali kama ndege, nalala kama gogo. Kengele ya kanisa iko hatua hamsini, haijawahi kunifungua jicho. Siku ile niliamshwa na sauti. Ya kike, ya chini, karibu kabisa, kwenye matundu ya nakshi. Ikaniuliza: "Uko macho?"

Na mimi nikajibu! "Niko macho, mpenzi." Ndipo nikasukuma mlango.

Nilimdhani Soaz. Miaka arobaini na sita aliniuliza hivyo kila usiku kabla hajaanza kunieleza makosa yangu.

Sasa basi. Kama ni ndoto, yowe ndilo lilikuwa la kwanza, na yowe lilitokana na nywele zangu. Daktari yuko sawa. Lakini kama ni Rozenn aliyeuliza, basi alisema kabla hajaniona. Hakutishwa na mtu. Alikuwa amesimama mbele ya mbao tu.

Mimi, niliyemwambia padri kwenye maziko ya Soaz kwamba Mungu wake amelala, nisimame kuwa shahidi wa muujiza? Nimevua kofia. Nimeivaa tena. Sijui niiweke wapi.

Ijumaa, 22 Mei

Nimemwambia Enora. Kabadilika rangi.

"Soaz aliniuliza hivyo hivyo tukiwa wadogo," kasema. "Tulilala kitanda kimoja, cha namna hiyo hiyo. Uko macho, uko macho. Umeota, shemeji."

Yeye! Anayeuhitaji muujiza kuliko sisi wote, ndiye ananiambia nimeota.

"Na kama sikuota?"

"Askofu analeta padri wa kuchunguza. Utaapa mbele yake. Lakini usiape ili unifurahishe. Simtaki mtakatifu aliyepatikana kwa huruma ya mzee."

Jumapili, 31 Mei. Pentekoste

Rozenn kaja kwangu baada ya Misa. Kwao wanafuga nguruwe, kaniletea soseji ndefu kama kamba ya ng'ombe. Sauti yake inakwaruza, kama mlango uliokaa bila mafuta.

"Wewe ndiye ulikuwa kitandani?"

"Ndiye. Leo nimechana nywele."

Kacheka, kisha kashika koo, kama mtu aliyeshtushwa na kicheko chake mwenyewe. Kidaftari bado kiko shingoni, pamoja na kalamu ya wino wa kijani. Anasema bila hivyo anajiona uchi.

Nikamuuliza taratibu: kabla sijafungua, ulisema chochote?

"Hapana, Babu. Nakumbuka nilipenyeza karatasi yangu. Kisha nakumbuka nywele zako. Katikati hakuna kitu."

"Uliandika nini?"

Kageuza uso dirishani. "Hiyo ni ya Azenor peke yake. Si zinachomwa?"

"Zinachomwa."

"Na hakuna anayezisoma?"

"Hakuna." Sikupepesa hata jicho.

"Maana mtu akiisoma ile, mimi nahama. Siwezi kumtazama mama yangu tena."

Soseji nimempa mbwa wa jirani.

Jumatatu, 8 Juni

Padri Kemener, yule wa kuchunguza, anafika kesho. Enora ameanguka juzi kwenye ngazi, midomo ya buluu. Wamemwambia alale. Kasema atalala Azenor akiamka. Sijamsikia akimdhihaki Mwenyeheri kabla ya leo. Nimeogopa.

Jumanne, 9 Juni

Naandika haraka. Wananisubiri.

Meza waliiweka chumbani kwa Azenor, mbele ya kitanda chenyewe. Padri Kemener, kijana, viatu safi hata kwa mvua hii. Biblia. Kinasa sauti kinazunguka. Enora kwenye kiti chake, blanketi magotini — lile lile! Sista Voahangy mlangoni na mwavuli. Rozenn hakuitwa leo, yeye ni wiki ijayo, pamoja na mama yake.

Nikaapa. Mkono wangu juu ya Biblia, sikuona ukiungua.

"Mzee Abgrall, ulikuwa umelala?"

"Fofofo."

"Uliamshwa na yowe?"

"Hapana. Yowe lilinikuta niko macho."

Padri akainua kichwa. Enora akafumba macho.

"Basi uliamshwa na nini?"

Nikataka kusema: sauti. Nikakumbuka: au ndoto. Nikatia mkono mfukoni nitafute leso. Kwa ajili ya mvua nilikuwa nimevaa koti la kazi, lile lililokuwa mto siku ile, halijatoka bandani tangu nilipolitundika. Vidole vikagusa karatasi. Vikaratasi vitatu. Viliniangukia usingizini, nikavibeba na koti.

Kimoja ni cha mistari ya miraba, kimechanwa kwenye kidaftari. Nikakifungua chini ya meza, upana wa vidole viwili. Wino wa kijani. Maneno ya mwisho mawili tu niliyaona.

Nikasimama. Nikamwambia Padri sioni vizuri bila miwani, naomba nikaichukue nyumbani. Akazima kinasa sauti. "Nenda, Mzee, tunakusubiri."

Sasa niko mezani kwangu. Nimeisoma yote. Nainakili hapa maana sijui baada ya dakika tano itakuwa wapi:

"Azenor, usiku ule nilipita mlangoni kwa baba na sikumwita. Moshi ulikuwa mwingi, nikakimbia. Nilijiambia yuko macho, atatoka mwenyewe. Watu niliwaandikia kwamba niliita mpaka sauti ikakatika. Sikuita. Sikuita hata mara moja. Nirudishie sauti nimwulize sasa: uko macho?"

Sikuota.

Alipenyeza karatasi, akainama kwenye matundu, akauliza. Kwa sauti. Na ndani ya kitanda mwanamume akamjibu: niko macho, mpenzi. Nimemjibia marehemu. Mimi, mwenye meno mkononi.

Nikiiweka karatasi hii mbele ya Padri, daktari hana la kusema. Azenor anakuwa mtakatifu, na Enora anaifikia siku hiyo akiwa hai. Na maneno haya yanasomwa kwenye kinasa sauti, yanakwenda kwa askofu, yanakwenda Roma, yanarudi magazetini, mpaka jikoni kwa mama yake Rozenn. Nikisema nilisikia sauti bila kuonyesha karatasi, nani atamwamini mchekeshaji wa kijiji, tena shemeji wa Mama Mkuu?

Jiko linawaka. Niliwasha asubuhi kwa ajili ya mvua.

Sista Voahangy yuko getini na mwavuli. "Babu, Padri anauliza, umeipata?"

"Bado naitafuta, mwanangu."

Miwani iko puani. Ilikuwa puani tangu asubuhi, nilipoketi, nilipoapa, nilipoomba ruhusa niifuate. Padri hanijui, labda kadhani nina nyingine ya kusomea. Lakini Enora alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alifumbua macho, akaitazama miwani, akanitazama mimi. Akasema, "Mwacheni aende."